Vidonge ndani ya kimto cha sufi

Kwa miaka kumi na moja Zuena Mudathir alitafuta mimba, akaikosa. Miezi miwili baada ya kupasuliwa tumbo ili apungue uzito, aliambiwa achague njia ya kuizuia.

Tatizo lenyewe ndilo hilo, na hakuna namna ya kulisema kwa upole.

Saa moja asubuhi, jua la Mtoni Kijichi likiwa bado halijapata ukali, Zuena anaingia ndani ya chandarua. Si cha kulalia. Ni chandarua kikuukuu cha bluu kilichofungwa kwenye nguzo nne za baraza, kikateremshwa mpaka sakafuni na kubanwa kwa matofali. Ndani kuna mkeka, kilima cha sufi, pamba ya mti wa msufi, iliyotoka Rufiji juzi, na vifimbo viwili vilivyolainika kwa kushikwa.

Anajifunga kitambaa puani, anakaa chini, anaanza kupiga.

Sufi inaamka. Inapanda taratibu, inajaza chandarua, inamkalia kwenye nyusi na kwenye ukaya wake wa kichwani. Baada ya dakika kumi hata haonekani vizuri. Anayepita njiani anaona kivuli cha mwanamke kikinyanyua mikono na kushusha, katikati ya weupe unaozunguka bila upepo.

"Sufi ukiipiga kwa hasira inakukimbia," anasema kutoka ndani. "Ukiipiga pole pole inabaki na wewe. Haina haraka hii. Mie ndiyo nilikuwaga na haraka."

Kuna kitu kwenye baraza hilo kinachowalegeza watu. Wateja wakikaa kidogo kwenye benchi wanapiga miayo. Muuza mkaa wa jirani huja mchana kuomba chenji, akaondoka baada ya nusu saa akiwa na alama ya mto shavuni. Zuena hamwamshi mtu. Anasema usingizi wa mteja ndiyo tangazo lake, na halilipiwi.

Mto mkubwa anauuza shilingi elfu kumi na nne. Akitoa sufi, kitambaa na uzi, anabaki na elfu tano. Siku nzuri anauza mitatu. Siku mbaya anakaa na sufi yake, akaichambua upya.

Kuchambua ndiyo kazi yenyewe. Sufi ina mbegu nyeusi, ndogo, ngumu. Ikibaki moja ndani ya mto, mteja ataisikia sikioni usiku kucha. Bibi yake, mtu wa Kisiju, ndiye aliyemfundisha, na alimpa makatazo mawili tu: usiuze mto wenye mbegu, na usiache sindano ndani ya godoro. Mshonaji akipatikana na kosa lolote kati ya hayo, habari zinamfikia kila mtu mpaka Mbagala.

Makatazo hayo mawili ndiyo yaliyokuja kumponza.

*

Zuena aliolewa akiwa na miaka ishirini na mitatu na Sadallah, fundi wa kupiga vigae. Siku alipoingia kwenye nyumba ya mumewe alishona kimto cha mtoto, kama alivyofanya bibi yake na mama yake: kitambaa cheupe, ukubwa wa viganja viwili, sufi iliyochambuliwa mara tatu. Alikiweka juu ya kabati, kisubiri.

Kilisubiri. Kila mwaka alikitoa, akakifua, akakianika, akakijaza sufi mpya.

Uzito nao ulipanda mwaka hadi mwaka. Alipofika miaka thelathini na minne alikuwa na kilo mia moja arobaini na moja. Sukari ilianza, magoti yakauma, siku zake zikawa zinakuja mara tatu kwa mwaka. Daktari wa wanawake alimwambia mayai hayapevuki, na kwamba mwili ukipungua huenda yakapevuka.

"Nilifunga, nilitembea, nilikunywa maji ya ndimu mpaka meno yakaingia ganzi," anasema. "Napunguza kilo nane, zinarudi kumi."

Ndugu za mume walishaanza kusema Sadallah aongeze mke. Aliyewazima ni mama mkwe, Bi Mwajabu, anayeishi nao chumba cha mbele.

"Niliwaambia, mie sina nguvu za kugombana na wakamwana wawili," anasema Bi Mwajabu, mwenye miaka sabini na mbili na sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya pili. "Huyu mmoja nimeshamzoea. Mnataka nianze upya?"

Kwa miaka yote hiyo bibi huyo alimpelekea mkamwana wake kombe la kunywa, dua na mizizi ya kuchemsha. Kila baada ya swala ya alfajiri alimtaja kwa jina.

Ndipo Sadallah aliposikia kwamba hospitali moja jijini ilikuwa na wiki ya mafunzo, madaktari wageni wakifanya upasuaji wa kupunguza tumbo pamoja na wenyeji. Mgonjwa angelipia kitanda na vifaa tu. Waliuza kiwanja chao cha Chanika. Zuena alipasuliwa. Tumbo lake lilibakizwa mfuko mdogo, na utumbo ukaungwa chini zaidi, ili chakula kipite njia fupi.

Kilo zilianza kuondoka. Alikula vijiko vitatu vya uji akashiba. Alipojaribu kipande cha kaimati yenye sukari moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka, akalala sakafuni mpaka kichwa kikatulia. Usiku aliota yuko ndani ya chandarua na sufi inamnyanyua, yeye na mkeka wake, juu ya mabati ya Kijichi, na hakuna anayeshangaa.

*

Mwezi wa pili baada ya upasuaji alirudi kliniki. Daktari aliangalia majibu yake ya damu, akamwambia jambo ambalo hakulitegemea: asishike mimba kwa miezi kumi na minane tangu siku ya upasuaji. Mwili unaopungua kwa kasi hauna akiba. Mama atakosa, na mtoto atakosa. Tena awe mwangalifu kuliko zamani, kwa sababu mwanamke wa namna yake akipungua, mayai huamka.

"Nilicheka," anasema Zuena. "Nikamwambia, daktari, mie? Miaka kumi na moja mlango haujafunguka, leo unanipa kufuli?"

Sadallah ndiye aliyeelewa haraka. Njiani kurudi alimweleza kwa kazi yake. "Kigae nikikipiga leo, leo hukikanyagi. Kwa macho kimekaa vizuri, lakini chini bado uji. Ukikanyaga, kinazama, na hakiinuki sawa tena. Tusubiri kikauke, mke wangu."

Walikubaliana. Kilichobaki ni kuchagua.

Muuguzi wa uzazi wa mpango katika kituo cha afya cha serikali, Editha, mwanamke wa Kagera anayeongea taratibu kama anayehesabu dawa, alimwekea vyote mezani. Kijiti cha mkononi. Kitanzi, ambacho wengine hukiita lupu. Sindano ya miezi mitatu. Pakiti ya vidonge vya majira. Kondomu.

Zuena alianza na kijiti.

"Kinakaa wapi?"

"Hapa, ndani ya mkono, chini ya ngozi."

"Sista, mkono huu ndiyo unanilisha. Napiga sufi saa sita kwa siku. Si kitatembea mpaka shingoni?"

"Hakitembei kwa kazi, mama."

"Hujaniona ninavyopiga."

Sindano aliikataa mwenyewe. Alisikia kwamba baadhi ya wanawake huongezeka uzito wakiitumia, na kwamba uzazi unaweza kuchelewa kurudi baada ya kuiacha. Alikuwa na miaka thelathini na minne. Kuchelewa alishachoka nako.

Kikabaki kitanzi. Editha alimwonyesha: kidude kidogo chenye umbo la herufi T, kimezungushiwa waya wa shaba. Zuena alipoona waya, alisogeza kiti nyuma.

"Nilimwona bibi yangu," anasema. "Nikaona sindano ndani ya godoro. Kazi yangu yote nimehesabu sindano asubuhi na jioni ili isibaki hata moja ndani. Sasa mtu anataka aache waya ndani yangu, ashone, aniambie nikalale?"

Editha alimweleza kwamba kitanzi hakichomi, kwamba hakina homoni, kwamba hakijali mtu anakula nini wala anatapika nini, na kwamba kikitolewa leo mwanamke anaweza kushika mimba mwezi ujao. Akamweleza pia kuhusu vidonge: kwa mtu aliyeungwa utumbo kama yeye, dawa ya kumeza huenda isinyonywe yote. Asivitegemee.

"Nilimsikia," anasema Zuena. Hajifichi. "Lakini kidonge nakijua. Kinaingia, kinatoka. Hakibaki ndani. Nikasema nitarudi, sikurudi."

Alienda duka la dawa karibu na kituo cha basi, akanunua majira. Hakusema kama amepasuliwa, na hakuna aliyemuuliza.

*

Sasa pa kuviweka. Sadallah alijua. Bi Mwajabu hakujua, na Zuena hakuwa na ulimi wa kumwambia. Mtu anakuombea mtoto kila alfajiri, utamwambiaje kwamba unameza dawa ili dua yake isijibiwe, hata kama ni kwa miezi tu? Na Bi Mwajabu huingia kila chumba na kufungua kila droo, akitafuta kibiriti.

Kitu kimoja tu hakukigusa kamwe, kwa heshima. Kimto cha juu ya kabati.

Zuena alifumua mshono wa kimto vidole viwili. Pakiti ya vidonge inalia karatasi yake ikibonyezwa, kwa hiyo aliikata kwa mkasi wa kitambaa, kidonge kimoja kimoja, akakiviringisha kila kimoja kwenye kipande cha kanga, akavizika katikati ya sufi. Kila jioni aliingiza vidole viwili, akatoa kimoja, akameza.

Hapo alikosea kwa namna ambayo mshonaji tu angekosea. Pakiti ile ina vidonge vyeupe ishirini na kimoja vya kuzuia mimba, na vya kahawia saba ambavyo ni vya kuongeza damu tu. Kuna mshale umechorwa unaokuongoza kimoja baada ya kingine. Yeye aliuvunja mpango huo kwa mkasi na kuchanganya vyote ndani ya sufi. Alichotoa ndicho alichomeza. Kuna wiki alimeza vyeupe tupu, na kuna siku nne mfululizo, anakumbuka, alitoa vya kahawia, akadhani ni rangi ya kampuni nyingine.

"Mshale niliukata mwenyewe," anasema. "Kwa mkasi wangu."

Na maisha yalikuwa matamu wakati huo, ndiyo maana hakuona. Mwezi wa tano tangu apasuliwe alifanya jambo alilokuwa akilitamani tangu utotoni. Mizani yake ya kupimia sufi ni ya kuning'inizwa, ina ndoano na uso wa saa, na mwisho wake ni kilo mia moja. Kwa miaka yote ilipima kila kitu barazani isipokuwa yeye. Asubuhi moja alimwita Sadallah, akaifunga kamba ndoanoni, akaishika kwa mikono miwili na kukunja magoti.

Miguu iliiacha sakafu.

"Tisini na tisa!" alipiga kelele Sadallah. "Usiachie! Hebu nione tena. Tisini na tisa!"

"Kama gunia!" alijibu, huku anazunguka polepole, sufi ikimdondokea kichwani.

"Gunia gani linacheka?"

Hajui alining'inia kwa muda gani. Anasema ilikuwa kama ile ndoto ya mkeka, ila safari hii alikuwa macho na mikono inauma.

*

Wiki chache baadaye, Zuena akiwa Kariakoo kununua kitambaa cha mistari, alikuja Raudha, mke wa mwenye genge wa mtaa wa pili, ana siku kumi tangu ajifungue. Alitaka kimto cha mtoto. Hakikuwepo kilichoshonwa.

Bi Mwajabu hapendi mteja aondoke mikono mitupu. Alikaa, akafikiri, akaingia ndani akatoka na kimto cha juu ya kabati.

"Nilisema moyoni, kimekaa miaka kumi na moja bure," anasimulia. "Labda kikilaliwa na mtoto wa mtu, kitamwita wa kwetu. Nilikitoa kwa nia njema, Mungu anajua."

Alikiuza elfu tano. Zuena alirudi usiku, amechoka, akalala bila kumeza.

Kesho yake Raudha alirudi akicheka, kimto kwapani. Zuena alikuwa ndani ya chandarua. Bi Mwajabu alikuwa kwenye benchi.

"Shikamoo, bi mkubwa. Haya, kumbe na nyie siku hizi mnauza mito ya mbegu?"

"Marahaba. Mbegu? Barazani kwangu?"

"Ona mwenyewe. Nimebonyeza, zimejaa. Mwanangu atalalaje juu ya kokoto?"

"Raudha, wewe mtoto mdogo. Mkamwana wangu hajawahi kuacha mbegu. Lete hicho kimto hapa."

Zuena alisikia neno "kimto", na alijua nyumbani kulikuwa na kimoja tu. Alianza kuvipangua vilima vya sufi, akatafuta mlango wa chandarua, hakuupata. Kwa ndani ya weupe ule alimwona mama mkwe akishika mkasi, akiupasua mshono mbele ya mteja ili kulinda jina la nyumba.

Havikuwa mbegu. Vilianguka kimoja kimoja kwenye sakafu ya saruji, vimevaa kanga. Kumi na saba.

Raudha aliinama akafunua kimoja. Ana watoto wanne, alivijua mara moja. "Ah," alisema, akacheka, kisha akaacha kucheka. "Hivi si majira?"

Bi Mwajabu alirudisha elfu tano. Mteja alipoondoka ndipo alipougeukia ule weupe.

"Miaka kumi na moja," alisema. "Miaka kumi na moja nakuombea, kumbe unameza kinga."

Zuena anasema hilo lilimuuma kuliko kisu cha hospitali. Si kwamba mama mkwe aligundua. Ni kwamba aligundua kitu ambacho si kweli. Aliamini ni tangu siku ya ndoa.

Kwa siku tatu Bi Mwajabu hakusema na mkamwana. Aliamka alfajiri, akaswali, hakutaja jina. Sadallah alijieleza asubuhi na jioni, mama akawa anaitikia "nimekusikia" kwa sauti ya mtu asiyesikia. Siku ya nne alivaa baibui, akakaa mlangoni.

"Nipelekeni kwa hao waliosema asizae. Nisikie kwa masikio yangu."

Walikwenda watatu. Editha aliwakalisha, akaeleza yote tangu mwanzo: upasuaji, miezi kumi na minane, damu, akiba. Bi Mwajabu alisikiliza, mkoba mapajani. Kisha muuguzi akamgeukia Zuena.

"Ulichagua nini mwisho?"

"Vidonge."

"Unavimezaje?"

Zuena akaeleza. Mkasi, kanga, sufi, vidole viwili. Na kwamba akila vibaya hutapika. Editha aliweka kalamu chini.

"Mama, tupime mkojo kwanza."

Mistari ikatokea miwili.

Bi Mwajabu hakuhitaji kuelezwa. Kigelegele kilimtoka palepale, kikapanda mpaka dirishani, kisha akaona uso wa muuguzi. Kikakatika katikati.

Mimba ilikuwa ya wiki sita.

*

Zuena anazungumzia wiki mbili zilizofuata kwa sauti ya chini, bila kuacha kuchambua. Daktari alimwongezea vidonge vya damu na vitamini, akataka kumwona kila Jumatatu. Bi Mwajabu alihamishia godoro lake chumbani kwao, akalala chini kando ya kitanda, eti kwa sababu chumba cha mbele kina joto. Usiku Zuena alimsikia akimtaja tena kwa jina.

"Nilikuwa naishi kama ndani ya sufi," anasema. "Naogopa, nafurahi, sijui mguu nauweka wapi. Nikilala naota mtu mdogo amekaa kwenye ndoano ya mizani. Na mshale haushuki, hata gramu moja."

Wiki ya nane, asubuhi ya Alhamisi, alianza kutoka damu. Hospitali walifanya walichoweza. Mimba ilitoka.

Alimuuliza daktari kama ni upasuaji, au vidonge, au ile siku aliyoning'inia kwenye mizani. Daktari alimwambia kuning'inia hakukuwa na ubaya wowote, kwamba mimba nyingi hutoka bila sababu kujulikana, na kwamba hakuna atakayeweza kumpa jibu la hakika. Alilohakikisha ni moja: damu yake ilikuwa chini, na mwili ulikuwa bado hauko tayari.

Alikaa nyumbani mwezi mzima, chandarua kimefungwa. Sadallah alipiga vigae Goba, akarudi usiku na vumbi jeupe kwenye nywele, na kwa sekunde moja kila siku Zuena alidhani ni sufi.

Aliyemtoa kitandani ni Bi Mwajabu. Alikuja na uji, akafunga mlango, akakaa ukingoni.

"Nikwambie kitu ambacho hata mwanangu hakijui?"

"Niambie, mama."

"Unaona Sadallah na mdogo wake wa kike wamepishana miaka sita? Watu walisema nimerogwa. Mama mkwe wangu akaniletea waganga watatu. Sikurogwa. Nilikuwa na lupu."

Zuena aliinuka akakaa. "Wewe?"

"Mie. Miaka minne. Sadallah alinitoa damu nyingi, mkunga akaniambia pumzika. Nikapumzika. Nilikuwa natwanga nayo, nacheza ngoma nayo, na mganga ananifukizia nayo." Alicheka mpaka uji ukamwagika. "Haikunichoma hata siku moja. Siku nilipoitoa, mwezi wa pili yake nikashika mimba ya huyo mdogo wake."

"Mbona hukuniambia, mama?"

"Mbona hukuniuliza? Ulinificha vidonge, nilikuficha lupu. Tungekaa hivi hivi kabla ya vile vidonge, tusingekaa hivi leo."

Wiki hiyo hiyo walirudi kwa Editha. Bi Mwajabu aliingia naye, akamshika mkono, akamhoji muuguzi kama anayenunua kitambaa: kinakaa miaka mingapi, kamba yake iko wapi, akiumwa afanyeje, kikitoka mwenyewe atajuaje. Zuena alichagua kitanzi cha shaba. Kiliwekwa ndani ya dakika kumi. Kilimuuma tumbo siku mbili, na siku zake zikawa nzito kidogo, ikabidi aongezewe dawa ya damu. Basi. Kwenye kituo cha serikali hakikumgharimu hata shilingi.

*

Leo ni mwezi wa kumi na saba tangu apasuliwe. Ana kilo themanini na sita. Ngozi ya mikono imelegea, na anapopiga sufi inapunga nyuma ya kifimbo. Nywele zilizodondoka mwezi wa sita zimeanza kurudi, fupi, laini.

Majibu ya damu ya mwezi uliopita yalikuwa mazuri. Daktari amemwambia yakirudi hivyo hivyo, kitanzi kitatolewa Jumanne ya kwanza ya mwezi ujao. Ameshaomba mtu wa kushika baraza siku hiyo. Bi Mwajabu amesema hatashika baraza, anakwenda.

Kimto kiko juu ya kabati. Amekishona upya, sufi imechambuliwa mara nne safari hii, na mshono umefungwa pande zote, bila nafasi ya vidole viwili. Raudha alishonewa chake kipya, bure, na akaambiwa akibonyeze mwenyewe kabla ya kuondoka.

"Akija, alale," anasema Zuena. "Asipokuja, kimto kitabaki kizuri. Lakini naona atakuja. Nimemuota, na safari hii mshale ulishuka."

Ametoka ndani ya chandarua, mweupe kuanzia kichwani mpaka vidole vya miguu. Anakaa kwenye benchi, anatia uzi kwenye sindano, anaanza kuufunga mto wa mteja. Anapoulizwa yote haya yamemgharimu nini, hainui macho. Anahesabu huku anashona.

Kiwanja kimoja cha Chanika, futi sitini kwa sabini. Milioni nne na laki sita za hospitali. Vitamini, elfu sitini na tano kila mwezi, mpaka siku ya kufa. Meno mawili ya nyuma, yaliyong'oka kwa kutapika. Kilo hamsini na tano, ambazo hazidai. Vidonge tisini na vitano. Siku tatu za kutosemeshwa na mama mkwe.

Sindano inafika mwisho wa mshono. Anakata uzi kwa meno, upande ambao meno bado yapo, na kuichomeka sindano kwenye kitambaa cha begani, mahali inapoonekana.

"Na mimba moja," anasema. "Wiki nane na siku mbili."